Siagi ya Mtoto Ambaye Hajazaliwa

Nyumbani kwangu siagi hukaa mezani. Iko kwenye bakuli lenye kifuniko, kando ya sukari, na saa nne jua likifika dirishani huanza kulegea na kutoa ile harufu yake ya maziwa yaliyotulia. Mwanangu wa kwanza, ambaye amesoma sayansi mpaka imemzidi, huirudisha kwenye friji kila akipita. Nami huitoa kila nikipita. Tumeishi hivyo mwaka mzima bila kulizungumza. Juzi alinikuta mlango wa friji uko wazi na bakuli liko mkononi mwangu, akaniuliza, "Mama, kwani wewe na hii friji mlikosana wapi?" Nikamwambia aniache, siagi ngumu inararua mkate. Hilo ni kweli, lakini si jibu. Jibu ni refu, na nadhani watakaolielewa ni wa rika langu, wale wanaokumbuka siku friji ilipoingia kwao mara ya kwanza.

Sisi tulikaa Mumbuni, nyumba ya vyumba vitatu yenye uwanja mdogo nyuma. Baba alifanya kazi Nairobi, akija Jumamosi na kurudi Jumapili jioni. Friji aliinunua kwa mtu aliyekuwa akihama, ikaletwa kwa pikapu ikiwa imefungwa kamba na kuviringishiwa blanketi. Iliwekwa sebuleni, kwa maana ukiweka friji jikoni nani ataiona? Mama aliifumia kitambaa cha kuifunika kichwa, akaweka redio juu yake na maua ya plastiki. Ilikuwa ya zamani, mlango wake una kufuli na ufunguo, na ikianza kunguruma ilitetemeka mpaka vikombe vikagongana kabatini. Majirani walikuja kuitazama. Mama Zuhura wa nyumba ya pili, ambaye watu wake walitoka pwani na ambaye alipika mahamri ya kuuza, alikuja na jagi kuomba barafu, akaketi kwenye kochi akaisifu hiyo friji utadhani ni bibi harusi.

Mimi sikuisifu. Nilikuwa na miaka minane, na nilijua friji ni kitu gani.

Miezi miwili kabla ya hapo Umau, yaani babu yangu mzaa baba, alikuwa amefariki hospitalini. Mazishi yalichelewa kwa sababu baadhi ya watu wetu walikuwa mbali na mvua ilikuwa imekata barabara ya kwenda Kivaa, nyumbani kwao. Kila jioni watu walijaa kwetu kwa mipango ya matanga. Nilikuwa nikipita katikati yao nikigawa chai, na nikamsikia baba mdogo akimtuliza mgeni mmoja. "Msiwe na haraka," alisema. "Mzee yuko kwenye friji, hawezi kuharibika." Sikuwa nimewahi kuona friji, kwa hivyo nilijichorea yangu kichwani. Wiki mbili baadaye niliinuliwa juu ya jeneza nimuage Umau, nikamgusa shavu. Alikuwa baridi namna ambayo sikujua mtu anaweza kuwa. Mzee huyu alikuwa akinishika mkono kwenda mtoni, na kiganja chake kilikuwa na joto hata asubuhi za Julai. Nikajumlisha vile mtoto anavyojumlisha: Umau alienda hospitalini akiwa mgonjwa tu, wakamweka kwenye friji, akatoka amekufa.

Na nilikuwa na ushahidi mwingine. Mama mkwe wa Mama Zuhura alipofariki alizikwa siku hiyohiyo, kabla jua halijatua, bila kupitia friji yoyote. Nikaelewa mbona Mama Zuhura anabugia barafu bila wasiwasi. Kwao friji haikuwa na kazi hiyo nyingine. Ni sisi ndio iliyokuwa imetuzoea.

Sasa, mwaka huo Mama alikuwa mjamzito. Kati yangu na huyo aliyekuwa tumboni walikuwa wamepita wawili, na hakuna aliyemaliza mwezi. Hayo hayakusemwa mbele yangu. Nilijua tu kwa vile Mama alikataa kununua hata soksi moja ya mtoto, na Mama Zuhura alipoleta sweta ndogo aliyoifuma, Mama alimshukuru, akairudisha mkononi mwake, akamwomba amwekee kwake kwanza.

Ndipo Susu alipokuja. Susu ni nyanya, kwa Kikamba, na huyu ndiye aliyekuwa mke wa Umau. Alifika Februari, joto limekaza, amebeba chungu kidogo cha udongo kilichofungwa kwa gunia bichi. Alikuwa amekipakata kutoka Kivaa mpaka mlangoni petu, na hakumruhusu mtu yeyote amsaidie kukishika. Ndani mlikuwa na siagi.

Kwa Susu, mtoto akizaliwa hupakwa mafuta ya ng'ombe yaliyosukwa kwa mkono wa nyanyake, kabla hajaguswa na mafuta ya dukani. Wale wawili hawakupakwa. Wa kwanza alizaliwa mwaka wa ukame, ng'ombe wakiwa mifupa mitupu. Wa pili alizaliwa wakati Umau ameanza kuugua, na Susu hakubanduka kando yake. Sijui kama Susu aliamini kabisa kwamba ni siagi iliyokosekana. Nilichojua ni kwamba safari hii alikuwa ameapa. Matanga yalikuwa yamemaliza ng'ombe wote ila mmoja, na huyo maziwa yake yalikuwa yakikatika. Kila siku Susu alitenga kikombe, akakigandisha kwenye kitete, kile kibuyu kirefu cha maziwa, na kikijaa anakilaza magotini na kukisukasuka mpaka mabega yakamuuma. Alifanya hivyo wiki sita. Kilichopatikana ni hicho chungu kimoja, na ng'ombe akakauka. Hakungekuwa na kingine.

Aliniita jikoni akanifunulia. Ilikuwa nyeupe inayoelekea manjano, na ilinuka moshi kidogo, kwa sababu kitete husafishwa kwa kijinga cha moto. Nikapeleka kidole. Nikapigwa kidole.

"Hii si yako wala si yangu," Susu akasema. "Ni ya mtoto. Wewe ndiye askari wake, wajina. Ikiharibika nitakuuliza wewe."

Aliniita wajina kwa sababu nilipewa jina lake, Ndunge. Kisha akaniinamia, akashusha sauti. "Na jambo lingine. Mbele ya mamako hakuna kutaja kifo, wala matanga, wala mochari. Mwanamke mwenye mimba haambiwi mambo ya kaburi, yanamfikia mtoto. Umesikia?"

Nilisikia. Mimi ni mtu ambaye nikiambiwa kitu kikaingia, hakitoki, na mume wangu atawaambia hilo si sifa.

Mama alipokiona chungu alienda moja kwa moja kufungua friji. "Leta hapa, Mwaitu," alimwambia Susu. Mwaitu ni mama, na ndivyo alivyomwita mama mkwe wake. "Kwa hili joto haitamaliza wiki."

"Siagi yangu haiingii mle," Susu akasema.

"Kwa nini?"

"Itanuka vitunguu."

"Nitaifunga na nailoni."

"Basi itanuka nailoni."

Walitazamana hapo, Mama na tumbo lake, Susu na chungu chake, na hakuna aliyepepesa jicho. Jumamosi Baba alipokuja wote wawili walimtaka aamue. Baba aliitazama friji aliyoinunua, akamtazama mama aliyemzaa, akasema anafikiri baiskeli yake ina pancha, akatoka nje. Hakurudi mpaka chakula kilipoiva.

Susu alifanya alivyotaka. Alijaza mchanga kwenye karai kuukuu, akaulowesha, akakizika chungu mpaka shingoni, akafunika kwa kitambaa kibichi na kuweka yote chini ya dirisha la jikoni lisilopata jua. Kazi yangu ilikuwa kumwagia mchanga maji asubuhi, saa sita na jioni. Nilitoka shuleni mbio kila saa sita kwa ajili hiyo. Ukiingiza kidole kwenye ule mchanga ulikuwa na ubaridi wa kisima, ubaridi wa kawaida tu, ambao mtu anaweza kuunywa. Siagi ilikaa vizuri kabisa.

Jumatatu iliyofuata ujumbe ukaletwa kwamba ng'ombe wa Susu amevunja boma na anamaliza mimea ya watu. Susu alikaza leso yake kiunoni, akasema atarudi Alhamisi, akanikumbusha maji, akaenda. Alasiri hiyohiyo Mama alirudi kutoka kliniki amevimba miguu, akakuta mchanga umeanza kukauka pembeni kwa sababu nilichelewa shuleni. Aling'oa chungu mchangani, akakipangusa, akakiweka kwenye friji, juu, karibu na mahali barafu hutengenezewa.

"Ndunge, hii sasa inakaa hapa," aliniambia. "Na nisione mtu akiigusa."

Aliposhika njia ya chooni niliitoa. Alipotoka chooni aliirudisha.

"Ni wewe umeitoa?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

Nilitaka kusema. Maneno yalikuwa yamejipanga mdomoni: mle ndani ndimo Umau alimofia, na ukimpaka mtoto kitu kilicholala mle naye atakuwa baridi. Lakini hayo yote yalikuwa mambo ya kaburi, na tumbo la Mama lilikuwa hapo mbele ya macho yangu, likinisikiliza. Nikasema, "Susu alikataa."

"Susu hayuko. Na hii nyumba ni ya nani?"

Jioni niliitoa tena. Safari hii patipati ilivuliwa mguuni, nikapigwa matakoni na miguuni, nikalia kwa sauti kubwa kuliko maumivu yenyewe. Mama naye alipumua kwa shida. "Unafikiri mimi sitaki hii siagi ikae?" alisema. "Ni mimi niko na huyu mtoto tumboni, si wewe wala Susu. Ni mimi nitamzaa. Ni mimi nilizaa wale." Ndiyo mara ya kwanza niliyomsikia akiwataja, na nilimwonea huruma mpaka nikasahau miguu yangu. Halafu akaifunga friji kwa ufunguo, akaufunga ufunguo kwenye pindo la leso yake, na huruma yangu ikaisha.

Nitasema ukweli, sijawahi kuwa na nia kama ile tangu siku hiyo, na nimefanya mitihani migumu na kujenga nyumba. Nililala nikipanga. Mtoto alikuwa karibu kuzaliwa, Susu hayuko, Baba yuko Nairobi, na mtu pekee aliyejua hatari ilipo nilikuwa mimi. Kama nisingeitoa siagi mle, kosa lingekuwa langu.

Jumanne jioni Mama aliingia kuoga, akatundika leso mlangoni. Nilifungua fundo kwa meno. Friji ilipofunguka ilinipumulia usoni, nikabana pumzi, kwa sababu niliamini ukivuta ule ubaridi unaingia nao ndani. Nilitoa chungu, nikafunga, nikarudisha ufunguo na kukaza fundo. Kisha nikasimama jikoni na chungu kifuani. Kwenye karai Mama angekiona. Nilihitaji mahali pengine, na kichwa changu kikaniambia kama friji ni mahali pa kufia, basi lazima kuna mahali palipo kinyume chake.

Nyuma ya nyumba, chini ya mabati, kuku wetu mwekundu alikuwa ameatamia mayai kumi na moja kwenye katoni ya sabuni. Nilipenda kuingiza mkono chini yake, huko manyoyani, kwenye lile joto zito. Mama mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba ni joto hilo linalofanya yai lipate uhai. Mnaona sasa. Nilimwinua kidogo, akanidonoa mara mbili, nikasukuma chungu katikati ya mayai. Akalalamika, akajipanga upya, akakaa. Chungu kilitoshea vizuri, utadhani ni yai la kumi na mbili. Nikaenda kula ugali wangu na moyo mweupe.

Jumatano Mama aligundua. Nilipigwa tena, nikaulizwa, nikanyimwa chai, nikaulizwa. Alipochoka alimwita Mama Zuhura aje ajaribu yeye, na Mama Zuhura akanipakata kwenye mapaja yake yaliyonuka iliki.

"Sema tu mwanangu," alinibembeleza. "Usimpandishe mama yako presha bure."

"Iko salama," nikasema.

"Wapi?"

"Mahali pazuri."

"Haya basi, mahali pazuri ndiyo wapi hapo?"

Mama alikuwa amekaa kwenye kochi, mikono juu ya tumbo, akinitazama. "Ndunge," alisema taratibu, "unataka kuniua?" Hapo nusura niseme yote. Nilimwangalia tumboni na nikaona nguo ikisogea, mtoto alikuwa akipiga teke. Nikajiambia huyu yuko hai, na ataendelea kuwa hai, na nyinyi mtanishukuru baadaye.

Susu alirudi Alhamisi mchana na vumbi mpaka kwenye nyusi. Hata hakukaa. "Wajina, siagi iko wapi?" Nilimshika mkono kwa fahari, nikampeleka nyuma ya nyumba. Mama alitufuata polepole mpaka mlango wa jikoni.

Harufu ilitufikia kabla hatujafika. Kuku aliondoka kwenye katoni akikoroma, manyoya ya tumboni yameshikana mafuta. Chungu kilikuwa kimelala ubavu. Siagi ilikuwa imeyeyuka, nusu yake imenywewa na nyasi, mayai yanang'aa, na ile nusu iliyobaki ndani ya chungu ilikuwa maji ya manjano yenye manyoya na vipande vya nyasi, yenye harufu chungu iliyokaa kooni. Nilitazama chungu, nikamtazama Susu. Nikakaa chini mavumbini.

"Nimemuua mtoto," nikasema.

Susu alichuchumaa. Hakunipiga. "Kwa nini kwa kuku, Ndunge?"

"Kuna joto."

"Na kwa nini ulitaka joto?"

Nikamwambia. Sikukumbuka tena kwamba Mama yuko mlangoni. Nilimwambia yote huku makamasi yakinitoka: kwamba Umau walimweka kwenye friji akatoka amekufa, kwamba nilimgusa nikamjua, kwamba siagi ikilala mle mtoto akapakwa, atakuwa kama Umau, na kama wale wawili. Nilisema wale wawili. Nilisikia Mama akivuta pumzi nyuma yangu.

Susu akanipangusa pua kwa pindo la leso yake. "Umau wako alikufa kitandani," alisema. "Mimi nilikuwa hapo, nimemshika mkono. Alikufa akiwa na joto, Ndunge. Kule kwa baridi walimpeleka akiwa amekwisha kwenda."

"Uliona?"

"Niliona."

Mtoto hajui pa kukoma. Nikamuuliza, "Sasa mbona wewe pia ulikataa siagi iwekwe kwa friji?"

Alimtazama Mama, akanitazama mimi, akatazama chini. "Siku ya kumchukua waliniita nihakikishe ni yeye. Wakavuta droo. Kulikuwa na ubaridi umetoka pale, kama moshi." Alisugua mikono yake. "Tangu hapo sijaweza kugusa hicho kitu cha mamako. Hata nikikaa sebuleni nakaa kochi la mbali, hamjaona? Sikutaka siagi ya mtoto ilale pahali mzee wangu alilala. Vitunguu ilikuwa ni ya kusema tu."

Ilikuwa zamu ya Mama kukaa. Alijishusha kwenye ngazi ya mlango, mguu mmoja kwa mmoja. "Na nyinyi wawili mkaninyamazia," alisema. "Mimi nikapiga mtoto siku mbili."

"Mwenye mimba haambiwi," Susu akasema.

"Mwenye mimba naye si mtoto, Mwaitu. Kwani mnafikiri mimi nikilala usiku nawaza nini?"

Mama alilia kidogo, na Susu akamwacha alie. Kisha Susu akainuka, akajikung'uta vumbi, akaokota chungu. Mimi nilidhani anakwenda kukimwaga. Alikinusa, akakunja pua, akanusa tena, akaanza kutoa manyoya kwa vidole moja moja. "Leta jiko," aliniambia. "Leta na kitambaa safi. Siagi haiishi hivi hivi. Ikikataa kuwa siagi, itakuwa samli."

Tuliichuja mara tatu kwa kitambaa cha chai. Susu aliiweka kwenye sufuria, moto mdogo, akasimama juu yake. Hakumtuma mtu mwingine, alinituma mimi: puliza, acha, toa kaa moja, ongeza. Povu jeupe likapanda, akaliengua. Likapanda tena, akaliengua tena. Jasho lilimtiririka shingoni, na nikimwambia apumzike ananitazama kwa jicho la kuninyamazisha. Ile harufu mbaya ilitoka kwanza, ikatuwasha macho, halafu pakawa na kimya kwenye sufuria, mlio ukabadilika, na harufu nyingine kabisa ikaingia jikoni, tamu na nzito. Kichwa cha Mama Zuhura kikachomoza juu ya ua.

"Nani anapika samli, nami sijaalikwa?"

Alizunguka akaja na jani la mlimau mkononi, akasema bila jani samli haina adabu. Susu akasema kwao hawatii majani. Mama Zuhura akasema kwao hawaweki siagi chini ya kuku. Susu aliangua kicheko, ambacho sikuwa nimekisikia tangu Umau alipougua, na jani likaingia. Walipomimina ilijaza nusu ya chupa ya jemu, safi, rangi ya chai ya rangi. Nusu ya kazi ya wiki sita. Susu aliinua chupa kwenye mwanga akasema itatosha, mtoto si gari.

Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka kifua kinanijaa. Alinawa mikono, akaingia sebuleni, akaenda mbele ya friji akasimama. "Fungua," alimwambia Mama.

Mama alifungua kufuli. Taa ya ndani ikawaka. Susu aliingiza mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko, pale juu karibu na barafu, akauacha. Tulisimama hapo sote, hata Mama Zuhura. Friji ikaanza kunguruma, Susu akashtuka mabega, lakini mkono hakuutoa.

"Asi," alimaka mwishowe kwa Kikamba, kwa sauti ndogo. "Kumbe ilikuwa baridi hivi. Pole, mzee wangu."

Mama ndiye aliyeutoa mkono ule. Aliushika katikati ya viganja vyake viwili na kuusugua mpaka ukapata joto, halafu akaifunga friji kwa kisigino.

Mtoto alizaliwa wiki iliyofuata. Leo ni mwanamume wa kitambi, ana maneno mengi, na hajui lolote kati ya haya, kwa sababu kila nikianza kumweleza anasema niharakishe. Waliporudi naye kutoka hospitalini alikuwa amefungwa shali mpaka kichwani, na niliona pua tu. Susu alimlaza kwenye kitanda cha Mama, akamfungua. Alichovya kidole kwenye chupa, akampaka kuanzia kwenye utosi, masikio, mgongo, nyayo, akinong'ona maneno ya Kikamba ambayo sikuyapata yote. Chumba kikanuka samli. Mtoto hakulia. Alikuwa amelala kimya kabisa, macho yamefumba, na ule ukimya sikuupenda.

"Susu, ako na joto?" nikauliza.

"Gusa mwenyewe."

Niliuficha mkono nyuma kwanza. Kisha nikausogeza, nikauweka kifuani pake, kwenye mafuta. Alikuwa moto. Alikuwa moto kuliko kuku, kuliko jiko, na chini ya kiganja changu kitu kilikuwa kikigonga haraka haraka, hakikomi.

"Haya, toa mkono sasa," Mama akasema. "Mwache alale."

Sikutoa.